Mtandao uliokatika kila siku ya maji: kisa cha nyumba mbili za Goba

Nyumba ya kwanza iko juu, kando ya barabara ya Goba, Dar es Salaam, mgongoni mwa kilima. Ina faiba. Nyumba ya pili iko bondeni, mita 280 ukipima kwenye ramani ya satelaiti, ingawa kwa miguu ni safari ya kuzunguka vichochoro na kuta za watu. Haina faiba wala dalili yake: nguzo za kampuni zimeishia barabarani, na kila anayeuliza huambiwa asubiri. Mwenye nyumba ya juu ni mzee mstaafu wa bandarini. Wa bondeni ni mama mfugaji wa kuku wa mayai, anayepokea oda zake WhatsApp, na kijana wake anasoma Chuo Kikuu Huria, masomo mengi yakimfikia kwenye simu. Bando lilikuwa linawamaliza. Mzee ndiye aliyetamka mwenyewe: intaneti yangu inalala bure, chukueni.

Lililofanyika kabla mimi fundi wa mitandao sijaitwa nalieleza kwa sababu watu bado wanalifanya kila wiki. Kijana alishuka Kariakoo akarudi na ripita ya kuchomeka ukutani, kifaa cha kupokea waifai na kuirusha upya, akaiweka sebuleni kwa mzee, dirisha la upande wa bonde. Haikufika. Akauziwa ruta ya antena sita, muuzaji akiapa kwamba hiyo inafika mpaka Tegeta. Safari hii simu bondeni ikaonyesha vipau viwili, jina la mtandao likasomeka, halafu basi. Ukurasa unazunguka, WhatsApp inasema inaunganisha, hakuna kinachofunguka. Wakahitimisha kwamba ruta ni feki.

Haikuwa feki. Ruta iliyoongezwa nguvu ni kipaza sauti cha harusi: wa bondeni wanamsikia MC vizuri sana, ila wakimjibu kwa midomo mitupu hasikii neno. Ruta ya nyumbani hutoa kama miliwati 100 kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Simu, kwa kulinda betri na kwa udogo wa antena yake, hutoa pungufu ya hapo. Na waifai ni mazungumzo: kila fungu la data likifika, anayepokea lazima ajibu kwamba limefika, la sivyo anayetuma anarudia, anarudia tena, mwisho anaachana nalo. Vile vipau kwenye simu vinapima kile ambacho simu inasikia. Havisemi lolote kuhusu kama simu yenyewe inasikika. Mteja akiniambia "mtandao unaonekana lakini haufanyi kazi", najua kabla sijatoka nyumbani kwamba kuna mtu ameongezewa nguvu upande mmoja.

Ripita nayo ina kasoro yake hata pale inapofika. Zile za bei rahisi zina redio moja, kwa hiyo inasikiliza kwanza, kisha inarudia maneno yaleyale kwenye chaneli ileile, na kasi inashuka karibu nusu. Ukizipanga mbili tatu kufuata bonde, unabaki na mtandao wa kutuma salamu tu.

Umbali wenyewe si adui, hili watu hawaliamini. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake huko Venezuela waliunganisha ruta za kawaida za dukani, zilizobadilishwa programu na kufungiwa antena kubwa za sahani, zikazungumza kwa kilomita 382 kutoka mlima hadi mlima. Kati yao hapakuwa na kitu. Hapa Goba, katikati ya mita 280, kuna ukuta wa tofali za saruji, mapaa ya mabati, mwembe mkubwa, pagala la ghorofa linaloendelea kujengwa, na hicho kitu kingine ambacho ndicho kiini cha kisa hiki.

Wazo la waya liliangaliwa likaachwa. Waya wa kawaida wa mtandao una mwisho wa mita 100, ukizidisha unahitaji swichi katikati, na swichi inahitaji umeme, na umeme huo uko katika kiwanja cha mtu mwingine. Faiba ingeweza: mita 280 kwake ni jirani, haibebi umeme, kwa hiyo radi au hitilafu ya nyumba moja haihamii nyingine. Kama viwanja vyote vya katikati vingekuwa vya mzee, ningemshauri faiba bila kusita na kisa kingeishia hapa. Lakini njia inapita juu ya nyumba za watu wanne na kichochoro ambacho malori ya mchanga yanapita yakiwa yamejaa hadi juu. Waya wa chini chini kati ya majirani wanne ni kesi ya serikali ya mtaa inayosubiri tarehe.

Kwa hiyo daraja la redio. Vifaa viwili vya nje, yale mabapa meupe ambayo mafundi tunayaita CPE, kimoja juu na kimoja bondeni, kila kimoja kikielekeza nguvu zake upande mmoja na kumtazama mwenzake. Simu inatolewa kabisa kwenye safari ndefu: bondeni kunafungwa ruta ndogo ndani ya nyumba, na simu inazungumza na hiyo tu, hatua chache kutoka kochi. Kijana alikuwa ameshafika hapa mwenyewe kwa kuangalia video. Alinunua jozi ya gigahezi 5, akapata rafiki wa kumsaidia kufunga, na ikawaka. Ikafanya kazi vizuri siku tatu nne, ikakata. Ikarudi. Ikakata.

Ndipo nikaitwa.

Nilichokikuta kwanza ni orodha ya lawama. Kijana alilaumu kampuni ya faiba. Mzee alilaumu mvua, ila ilikuwa imekata hata siku za jua kali. Rafiki aliyefunga alilaumu adapta, akaibadilisha, ikafanya kazi siku hiyohiyo, wote wakashangilia, kisha ikakata tena. Nilipomsalimia mama, shikamoo na marahaba zikaisha, akanivuta pembeni kidogo kando ya banda la kuku.

"Baba, mimi sijui mambo yenu. Ila siku maji yakitoka, ndiyo mtandao unakata."

Kijana akacheka. "Mama naye! Maji na intaneti wapi na wapi?"

Mtaa ule unapata maji kwa mgao. Siku ya maji kila mtu anajua, ndoo zinapangwa tangu alfajiri. Mama alikuwa na kumbukumbu ya kila siku ya maji kwa sababu ndiyo siku anayoosha banda, na ndiyo siku alizokosa oda. Nikiwa na mteja anayenipa tarehe za namna hiyo, siendi kwenye vifaa kabla ya kumsikiliza mpaka mwisho.

Kwa mzee juu kuna mnara wa chuma wenye tenki jeusi la plastiki la lita 5,000. CPE ilikuwa imefungwa kwenye bomba nyuma ya tenki, upande wa ngazi, kwa sababu ndiko ilikokuwa rahisi kupanda na waya ulitosha. Ukisimama nyuma yake na kutazama bondeni, hulioni bonde. Unaona tumbo la tenki.

Tenki tupu la plastiki kwa mawimbi haya ni karibu hakuna kitu, yanapenya. Maji ni habari nyingine. Molekuli za maji hucheza na mawimbi na kuyageuza joto, na ndivyo maikrowevu ya jikoni inavyopasha ugali kwa masafa ya karibu gigahezi 2.45. Kwenye gigahezi 5 hali ni mbaya zaidi, sentimita chache za maji zinatosha kumaliza kila kitu, na pale palikuwa na zaidi ya mita moja. Mgao ukija, tenki la chini linajaa, mzee anawasha pampu, maji yanapanda juu, mtandao wa mama unazama. Familia ikioga na kufua siku mbili tatu, maji yakishuka chini ya usawa wa CPE, mtandao unaibuka. Ile adapta "iliyotengeneza" tatizo ilibadilishwa siku ambayo tenki lilikuwa limekaribia kukauka.

Sikutaka waniamini kwa maneno. Nilimwomba mzee awashe pampu, tenki likiwa karibu tupu, nikafungua ukurasa wa kifaa kwenye simu tukatazama pamoja. Kipimo chake ni dBm na huandikwa kwa hasi: kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu, na kila pengo la 10 ni nguvu mara kumi. Tulianza na hasi 63. Pampu ikalia, namba haikutikisika kwa muda mrefu, mzee akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Kisha hasi 66. Hasi 71. Nikagonga tenki kwa spana kusikia maji yamefika wapi. Mlio mtupu ulikuwa umepanda mpaka kifuani kwangu, usawa wa kifaa. Hasi 78. Hasi 86, na jina la kifaa cha bondeni likapotea kwenye orodha. Simu ya mzee ikaita papo hapo.

"Imekata, jirani!"

"Najua," akasema mzee. "Nimeikata mimi."

Kulirekebisha kulikuwa kazi ndogo kuliko kulijua. Tulifunga bomba la chuma kwenye kona ya mnara inayotazama bonde, mbele ya tenki kabisa, tukahamisha CPE hapo, waya wa nje ukaongezwa. Waya uliokuwepo niliutoa. Ulikuwa ule wa alumini iliyopakwa shaba, ambao unauzwa rahisi na kwa data ya ndani unaweza kuvumilika, lakini hapa umeme wa volti 24 unapanda kwa waya uleule wa data, na alumini inapoteza volti njiani. Wa shaba tupu ni ghali, na kwa kazi ya kupanda mnara sina ushauri mwingine. Mnara wenyewe ulifungwa eathi, jambo ambalo lilipaswa kufanywa siku uliposimamishwa, intaneti au bila intaneti.

Mwembe ulitaka hesabu kidogo. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi pande zote za mstari, nene zaidi katikati ya safari. Kwa mita 280 na gigahezi 5.8, nafasi hiyo ina nusu kipenyo cha karibu mita 1.9 pale katikati, na kanuni ya kazi ni kuacha wazi angalau asilimia 60, yaani mita 1.1 na ushee. Ungetumia gigahezi 2.4 nafasi hiyo ingekuwa karibu mita 3, sababu moja ya kubaki na 5. Kuona mwenzako kwa macho kupitia tundu la majani hakutoshi. Na majani nayo ni maji yaliyosimama. Masika yakiyalowesha yanakuwa mazito zaidi kwa redio. Bondeni tuliongeza urefu wa bomba mpaka mstari ukapita juu ya kilele cha mwembe kwa nafasi ya kutosha. Kijana alitaka tuukate. Mwembe si wake, na una embe dodo ambazo watoto wa mtaa mzima wanazihesabu.

Kulenga ndiko watu wanakoharibu wakiwa wamebakiza nati mbili. Kwa kuwa nyumba moja iko kilimani, kila mtu anataka kuinamisha kifaa sana, kama vile kinatazama shimoni. Tofauti ya urefu kati ya nyumba hizi ni kama mita 14, na kwa mita 280 hiyo ni chini ya digrii 3. Miale ya antena hizi ina upana wa makumi ya digrii. Iache karibu wima. Kilicho na maana ni kugeuza kulia na kushoto polepole, ukisimama kila mara na kungoja namba itulie, mpaka upite kilele na kurudi nyuma. Ukiridhika na ongezeko la kwanza unaweza kuwa umekamata mwale wa pembeni, ule dhaifu unaotoka ubavuni mwa antena. Tulitulia kwenye hasi 54. Hesabu ya karatasi kwa anga tupu ilitoa karibu hasi 51, kwa hiyo hapakuwa na cha kutafuta zaidi. Kutoka hasi 63 ya tenki tupu hadi hasi 54 ni nguvu karibu mara nane.

Mipangilio naipitia haraka. Kwenye orodha ya nchi chagua Tanzania, usichague Marekani kwa kuwa video imesema hivyo, maana chaneli na nguvu zinazoruhusiwa hutofautiana, na baadhi ya chaneli za gigahezi 5 ni za kushirikiana na rada. Ruta ya bondeni ilikuwa imetoka dukani na anwani 192.168.1.1, sawa na ya mzee, na zote mbili zikawa zinagawia vifaa anwani za mtandao, zikigongana. Hilo peke yake lingekata mtandao hata bila tenki. Niliibadilisha anwani, nikazima ugawaji wake, ikabaki kusambaza waifai tu. Kisha nikaliweka daraja lote upande wa mtandao wa wageni wa mzee, ili bondeni wapate intaneti bila kuziona printa na kamera za nyumba ya juu. Kati ya megabiti 20 za mzee, bondeni wamewekewa kikomo cha 8. Kipindi cha video kinahitaji megabiti chache tu, kwa hiyo 8 ni shibe, na wajukuu wa mzee wakija likizo na michezo yao hakuna anayemlaumu mwenzake.

Umeme ulizungumzwa kuliko nilivyotarajia. Kila CPE inakula kama wati 6, mchana na usiku, ambayo kwa mwezi ni uniti 4 na kidogo kwenye LUKU. Si nyingi, ila ni vizuri itajwe mapema kuliko kugunduliwa. Jambo zito zaidi ni umeme unapokatika. Daraja lina miguu miwili; juu kukiwa giza, bondeni hata wakiwa na umeme hawana mtandao, na kinyume chake. Mzee ameweka betri ndogo ya ruta yenye matundu ya volti 12 na 24, inabeba kifaa cha faiba, ruta na CPE kwa pamoja. Mama atanunua yake mauzo ya mayai yakikaa sawa.

Malipo yalikuwa na utata kidogo. Kijana alipendekeza wachangie kila mwezi, na kutokana na hapo akaona mbali: kuna nyumba nyingine nne bondeni, kila moja ikitoa kiasi fulani. Nilimkatisha. Mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani inakataza kuuza huduma kwa wengine, na zaidi ya mkataba, kutoa huduma ya mawasiliano kibiashara kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Jirani kumsaidia jirani hakufanani na kufungua kampuni kwenye mnara wa tenki. Tena kuna jingine ambalo mzee alilielewa haraka kuliko kijana: chochote kitakachofanyika mtandaoni kutoka bondeni, kwa kampuni kinaonekana kimetoka kwa mzee. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 watu wamejifunza kwamba ujumbe wa kijinga unaweza kuwa na mwisho mbaya. Basi wakakubaliana paswedi ya bondeni ibaki ndani ya nyumba moja, isiandikwe ukutani wala kupewa wapangaji.

"Mimi pesa sitaki," mzee akasema. "Niliwaambia chukueni, sikuwaambia nunueni."

Mama hakubishana. Jioni ileile likapanda trei la mayai, na ninavyosikia linapanda kila mwisho wa mwezi, sambamba na siku ya bili ya faiba.

Kinachobaki ni lile pagala. Siku tunafunga, kuta zake zilikuwa chini ya mstari wetu kwa kiasi cha kuridhisha. Juzi wamemwaga zege la jamvi la juu, nondo za nguzo zimeachwa zimesimama, na kwa hesabu yangu ukuta wa orofa inayofuata utaingia moja kwa moja kwenye njia ya mawimbi. Kupandisha bomba la juu kunawezekana, la bondeni limefika mwisho wake bila kuwekewa nyaya za kulikaza. Nimeongea na mwenye pagala. Hana neno kifaa cha kupokezana kikae juu ya paa lake, hata umeme atatoa, mradi naye aingizwe kwenye mtandao. Mzee amesema atafikiria. Megabiti 20 kwa nyumba tatu si sawa na kwa mbili, na huyu wa tatu hafugi kuku.